Truphosa Kavere, Mwalimu Aliyesoma Karatasi Yote Kwanza

Wachungaji, majirani na marafiki, familia ya Mzee Absalom inawashukuru kwa kufika, na inawasomea safari ya Mama Fiona, ambaye angekuwepo angesema utangulizi huu umeshakuwa mrefu.

Truphosa Kavere alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Mbale, Maragoli, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, na mwaka 1977 akahitimu ualimu Kaimosi. Alifundisha madarasa ya mtihani kwa miaka ishirini na miwili, na kila aliyepita mikononi mwake anaijua amri yake: soma karatasi yote kwanza, anza na maswali rahisi, magumu utayarudia.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Absalom, Mungu akawajalia Fiona mwaka 1981 na Loice mwaka 1984, na Agosti 1999 familia ikahamia Pearland, kando ya Houston, ambako mwalimu aligeuka mtunza wazee bila kulalamika, isipokuwa juu ya viyoyozi.

Januari 2001 alijiunga na chuo cha uuguzi Houston. Tarehe 9 Oktoba alifanya mtihani wa dawa kwenye kompyuta, somo alilolijua kama jina lake, akapata kumi na moja kati ya sitini, na anayeanguka mara mbili alikuwa anatolewa chuoni. Alilia ndani ya gari, akiamini kichwa kimezeeka, mpaka Kipchoge, mwenzake wa darasa kutoka Eldoret, aliyefunzwa kufanya mtihani kwa njia ileile, alipomwambia kwamba naye amepata kumi na tatu, ndipo akafuta machozi na kuanza kufikiri. Jioni alimwambia mumewe, "Baba Fiona, mimi siku-fail. Nimesoma paper yote kwanza, na hiyo computer ukipita swali inasema umeliacha, hairudi."

Kesho yake alimwomba mwalimu wake, Natalia, aketi kando yake bila kusema neno, atazame mkono tu akijibu maswali kwenye kompyuta ile. Natalia alitazama, akaona kila swali likifungwa nyuma yake, akawapa yeye na Kipchoge mtihani mpya wa karatasi, na Truphosa akapata hamsini na nne. Kufikia Januari waliotengeneza programu ile walikuwa wameiwekea kitufe cha kurudi nyuma, na wanafunzi wengi wakaanza kupita.

Alihitimu Mei 2003, akauguza wagonjwa Houston kwa miaka minne, na kila programu mpya ilipoletwa chuoni aliitwa aijaribu kwanza, akaenda na chupa yake ya chai na ubishi wake wote, kwa sababu alisema mwanafunzi akikwama, kagueni chombo kabla ya kumkagua mtoto.

Mwaka 2007 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa kwa moyo mkunjufu, akatutoka tarehe 6 Novemba 2008, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Absalom.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, majirani wa Pearland waliopika zamu kwa zamu, ndugu waliosafiri kutoka Grand Prairie, na Mwalimu Natalia, aliyeko hapa leo, kwa sababu siku ile alikubali kuketi, akanyamaza, akatazama.

Mwalimu, umeijibu karatasi yote, hata maswali magumu uliyoyaacha nyuma uliyarudia. Weka kalamu chini, mama, upumzike kwa amani.