Bi. Mwanawetu na Milimita Moja kwa Siku

Tarehe 30 Juni 1978, Bi. Mwanawetu Umar anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali yetu. Binti huyu wa mwalimu wa madrasa wa Old Kampala aliingia mwaka 1952 kama mfuaji wa mashuka, akajifunza kazi kwa kutazama. Mwaka 1972, wakubwa wa idara walipoondoka nchini, ufunguo ulibaki mkononi mwake. Wagonjwa hawakuacha kuja.

Kasoro yake ni moja: haharakishwi. Chai yake hupoa mezani huku ameshika kidole cha mgonjwa, macho ameyafumba, anatabasamu peke yake.

Mimi Odur, karani wa masjala, nilifika kwake Septemba 1976 nikiwa mgonjwa. Nilikuwa nimefungwa kamba juu ya viwiko siku tatu. Wapi na kwa nini, siandiki. Kiganja cha kulia kilining'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Nakiamuru kinyanyuke, hakisikii. Karani asiye na mkono atapiga taipu na nini?

Hakuniuliza kitu. "Mkono haujafa, mwanangu," alisema. "Ubongo unatuma habari, mkono unazingoja. Njia ndiyo iliyoumia."

Njia hiyo ni neva, mshipa wa fahamu. Ubongo, alinieleza, umefungiwa gizani ndani ya fuvu. Haujawahi kugusa maji wala kuona jua. Neva ndizo zinazoupelekea baridi, moto na maumivu, na ndizo zinazorudi na amri zake hadi kwenye misuli.

Fundi bati wa Katwe alinitengenezea gango la kushikilia kiganja. Kila asubuhi Bi. Mwanawetu alinilaza dirishani, nikafumba macho, naye akaiongoza amri ya ubongo polepole: toka utosini, shuka shingoni, pita begani, zunguka mfupa wa mkono, nenda taratibu. Nilielea. Mara nyingine nilisinzia, nikaota vidole vyangu vinataipu barua ndefu isiyo na makosa.

Siku moja aliingia askari mwenye ganzi ya mguu. Akaziona alama za kamba mikononi mwangu.

"Huyu walimfunga wapi?"

Nilivuta shuka kuifunika mikono. Bi. Mwanawetu hakugeuka. "Afande, hapa tunauliza panapouma tu. Kaa, zamu yako bado."

Askari alikaa. Zamu yake ilipofika, alilazwa dirishani kama mimi.

Kila wiki aligonga mkono wangu kwa kidole, kuanzia juu, hadi niliposikia mchonyoto, akatia alama ya wino pale neva ilipofikia. Neva hukua kama milimita moja kwa siku, alisema. Alama zilishuka hadi kiwikoni, zikakipita. Asubuhi moja ya Machi nilifikiria tu kunyanyua kiganja, nacho kikanyanyuka, kidogo, kikitetemeka. Kisha Bi. Mwanawetu akaniletea chai, akaniamuru niishike kwa mkono huohuo. Nusu ilimwagika. Karatasi hii nimeitaipu mwenyewe.

Sasa anahamia Kyebando kwa dada yake, Nusura. Anasema hamu yake ni usingizi wa asubuhi, ambao hajaupata tangu 1952.

Asante, Bi. Mwanawetu, kutoka kwetu sote. Mungu akuzidishie afya na utulivu. Lala mpaka jua likuamshe lenyewe. Mlango tutafungua sisi.