Bi Nukta na Shavu Lililoitwa Jino

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa kusoma wa darasa la kwanza, Bi Nukta, anastaafu tarehe 30 Juni. Miaka sita ya mwisho ameitumikia stoo ya vitabu. Sababu yake iandikwe hapa, maana wengi wetu tunaijua nusunusu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Walipofika kwenye nukta aliwataka wavute pumzi, nao walivuta kwa pamoja hata mkaguzi mmoja akauliza kama darasa zima lina pumu. Hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwake bila kujua kusoma.

Kisha shavu lake la kulia likaanza kumpiga kama shoti ya umeme: sekunde chache, likatulia, likarudi. Lilichokozwa na maji ya kunawa, mswaki, upepo wa dirishani, hata kutamka neno. Sote tukasema ni jino. Naye akaenda kwa daktari wa meno akitaja jino, akang'olewa mawili mazima. Maumivu yakabaki. Alipoanza kujifunga shali usoni na kuitikia salamu kwa kichwa, chumba cha walimu kikaamua kuwa ananuna.

Daktari wa neva hakuuliza jino gani. Aliuliza maumivu yanaanzaje na yanadumu muda gani, akatambua kuwa ni mshipa wa fahamu wa uso. Akaagiza picha ya kichwa ili kuondoa shaka, akampa dawa ambayo hutumika pia kwa kifafa, akamwonya asiiache ghafla na asikose kurudi kupimwa damu. Wiki chache baadaye Bi Nukta alikuwa akisoma tena kwa sauti.

Hapo ndipo tulipomuumiza sisi. Mwenzetu mmoja aliitambua dawa mezani pake, na kabla ya kengele ya mapumziko neno kifafa lilikwisha kuizunguka shule. Mwalimu mkuu akamwita, akamwambia kwa upole kuwa wazazi wana wasiwasi.

"Dawa ni ya kifafa, mzee, ugonjwa ni wa shavu," alimjibu.

"Najua, mama. Lakini nimweleze mzazi gani anielewe?"

Hakumweleza hata mmoja. Bi Nukta akakabidhiwa funguo za stoo. Darasa lake limepita mikononi mwa walimu watatu, na watoto wa siku hizi wanakariri kurasa wasizoweza kuzisoma.

Shule inamshukuru. Ingefaa imwombe radhi pia, lakini ratiba ya hafla ya leo ya kumuaga haina kipengele hicho. Dada yetu, nenda ukapumzike. Tunakuombea uzee wenye afya, na majirani wanaouliza kabla ya kusema.