Laini ya Mutunga, Mara Saba

Mbele ya kibanda cha Wanzala mshona viatu, pale Mashimoni, kuna benchi lisilokosa wakili, daktari wala nabii, ingawa hakuna aliyesomea. Jumamosi hiyo Mutunga, fundi wa vitanda, alikaa hapo na kahawa ya Lenah mchuuzi mkono mmoja, simu mkono mwingine, roho juu juu. Wajomba wa Kathini, mpenzi wake, walikuwa Machakos wakijadili kama wapokee posa yake, na Kathini alisema wakikubali atapiga. Kosa la Mutunga lilikuwa kumwonyesha Osewe, muuza laini za simu wanayemwita Kalkuleta, namba yake mpya inayoishia 142857.

— Buda, hii nani alikuuzia?

— Si ni wewe.

— Sikuwa nimeicheki. Zidisha mara mbili: 285714. Mara tatu: 428571. Ni zile zile, zimebadilishana viti tu.

— Kama wapangaji wa huku, — Lenah akasema. — Wanahama Kianda, unawapata Kisumu Ndogo na kelele zao.

— Mpaka mara sita ni hivyo. Na haina tatu, haina sita, haina tisa. Zimefichwa wapi?

Wanzala, anayeitwa Bishop ingawa kanisa lake la mwisho lilimfukuza, akaweka nyundo chini.

— Mficha uchi hazai. Zidisha mara saba.

Kalkuleta akazidisha, akawaonyesha: 999999.

— Sasa igeuze miguu juu, — Bishop akasema polepole.

Benchi zima likapinda shingo.

— Woi, — Lenah akanong'ona. — Yule mnyama wa Ufunuo ana sita tatu. Huyu amekuja na bibi yake.

— Ndiyo maana Kathini hajapiga, — Bishop akasema. — Akipiga, simu inapitia kuzimu kwanza. Huko inapokewa, inajibiwa, posa inaliwa.

Mutunga hakuwa mjinga. Alikuwa anapenda, na anayependa huogopa hata kivuli cha kikombe.

— Sasa nifanye aje?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, — Bishop akasema. — Vunja laini.

— Nitakupa ingine, — Kalkuleta akadakia. — Ya sufuri tupu. Sufuri hata uizidishe na nini, inatulia.

Mutunga akaitoa laini, akaiweka juu ya chuma cha Bishop, akaigonga nyundo mara moja. Akashusha pumzi, akajiona amepona.

Walikuwa bado wanampa Mutunga mkono wa pongezi, Kathini alipofika mbio, jasho usoni, simu imewaka.

— Nimekupigia mpaka nimechoka. Eti mteja hapatikani. Wamekubali, lakini mjomba mkubwa anataka kukusikia mwenyewe. Yuko hapa kwa laini.

Akaweka simu kwa spika. Sauti nzito ikatoka.

— Kijana, siku kama ya leo, umezima simu kwa nini?

Kalkuleta akaangalia viatu vyake. Bishop akaanza kugonga kiatu kilichokuwa tayari kimekwisha. Lenah akafunika birika. Mutunga akapokea simu kwa mikono miwili.

— Mzee, — akasema, — uko na kalkuleta hapo karibu?