Clement Garrod na Nywele za Mfalme

Marehemu Clement Garrod alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 katika kijiji cha Debenham, Suffolk, mtoto wa pili wa Walter na Ivy Garrod. Alisoma shule ya kijijini hadi alipofika miaka kumi na mitano, baba yake akaumia mgongo shambani, masomo yakaishia hapo.

Kwa miaka thelathini na minane alichambua mbegu katika ghala moja la Stowmarket. Tarehe 11 Juni 1966 alimwoa Beryl Thurkettle. Miaka miwili baadaye, katika shamba la viazisukari, aliokota nusu ya peni, sarafu ya fedha, iliyokatwa kwa mkasi enzi za wafalme wa kale. Ugonjwa wa sarafu za kale haukumtoka tena. Waokota sarafu wa wilaya wakawa wanamletea bahasha ndogondogo, naye huwaambia peni ni ya mfalme gani. Zile alizozipenda zaidi zote zina jina la Henri, hata zilizopigwa chapa wakitawala Richard na John, kwa hiyo mtu huzitenganisha kwa umbo la herufi na hesabu ya misokoto ya nywele za mfalme aliyechorwa juu yake.

Beryl, mama yangu, alimwita mezani mara tatu kila siku. Mara ya nne humwambia, “Huyo mfalme wako amekufa miaka mia nane, Clem. Viazi vyako ndivyo vinavyopoa.” Baba huja akicheka, lenzi bado iko jichoni. Mama alitutoka mwaka 2015.

Mwaka 2019 macho ya Baba yalianza kuingia giza katikati. Alinieleza mimi tu, binti yake Hester, nikawa natazama sarafu kwa niaba yake. Tarehe 3 Machi 2021 nilifika kwake nimechoka, nimetoka zamu. Mezani palikuwa na peni moja.

“Misokoto mingapi upande wa kulia?”

“Miwili, Baba.”

“Umetazama vizuri, mwanangu?”

“Nimetazama.”

Sikuwa nimetazama. Peni ya Henri akaiandika kuwa ya John, ikachapishwa hivyo katika orodha ya sarafu ya wilaya. Kosa lilipogunduliwa, Baba alisimama mbele ya chama cha waokota sarafu akasema, “Kosa ni langu. Macho yameisha.” Tangu siku ile hakuletewa bahasha hata moja. Zaidi ya miaka mitatu alikaa pale mezani, lenzi mfukoni, akisikiliza mlango. Alijua ni mimi na hakunilaumu. Nami sikumwomba msamaha, kwa aibu tu.

Alifariki nyumbani kwa nimonia, tarehe 19 Novemba 2024.

Ameacha dada yake Enid, wajukuu wawili, Rowan na Tamsin, na mimi. Wanachama mlioketi nyuma, nawaomba mrekebishe orodha yenu na kosa mliandike kwa jina langu.

Pumzika kwa amani, Baba. Nimetazama tena. Ni mitano.