Ukanda wa Matete Msiugawe

Sogeeni, Lugano na Tumpe, na wewe jirani yetu Baba Esnath usikae mlangoni kama mgeni, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na nataka usikie mimi Tusajigwe ninavyowaachia wanangu ardhi ya marehemu baba yao.

Nyumba hii ni ya Tumpe. Shamba la mpunga na mikakao ni lako, Lugano, ila dada yako asikose mchele wa kula. Ukanda wa chini, kati ya shamba na Ziwa Nyasa, simpi mtu, na ndio niliowaitia.

Mlikuwa wadogo baba yenu Andendekisye alipogombana na Baba Esnath juu ya mpaka wa pale, kila mmoja akikata miti na kung'oa matete apate kulima mpaka majini, hata kanisani wakawa hawasalimiani. Baba yenu akafa na kinyongo chake. Kisha ukaja ule mwaka wa mvua kubwa, ziwa likapanda, mpunga wetu na wa jirani ukafukiwa na mchanga, na jiko lake likaenda na maji. Nilimkuta amekalia sufuria iliyopinduliwa, nikamwambia, "Baba Esnath, kipande hiki kisiwe changu wala chako. Tukiache kiote." Akanitazama, akasema, "Mama Lugano, tutachekwa." Nikamjibu, "Tuchekwe tumeshiba."

Tukachekwa kweli. Hakuna aliyetulazimisha, tulipanda mikuyu, tukazuia ng'ombe, tukayaacha matete yarudi. Yaliporudi, samaki nao wakarudi kuzaliana humo, na waliotucheka wakaanza kuja mmoja mmoja kuuliza waanzie wapi, hadi kila mwenye shamba kutoka hapa mpaka mdomo wa mto akaacha kipande chake. Ziwa lilipopanda tena, mpunga ulisimama.

Lugano, najua yule mtu wa hoteli kutoka Mbeya, aliyetaka kuununua ukanda, bado anakupigia simu. Nilipomkataa ulisema nimekufungia riziki, ukakaa Krismasi nzima bila kuja kuniona. Sikukuchukia, mwanangu. Lakini juzi nilikusikia kwa dirisha hili ukimfukuza aliyekuja kuchoma matete, unafoka kama baba yako, nikacheka peke yangu kitandani. Nikajua sasa naweza kwenda.

Basi shikeni hili. Ukanda msiuuze, msiugawe, msiukodishe hata kwa ndugu. Anayetaka matete ya kuezekea aombe kwenu wote wawili, na mizizi aiache. Mnizike huku juu kwenye migomba, kando ya baba yenu. Msinipeleke chini, hata kama nilipapenda. Pale pana wenyewe, matete na samaki.

Tumpe, nipe maji... kidogo tu. Ndaga, asante, mwanangu.

Baba Esnath... asante kwa kukubali kuchekwa na mimi.

Wanangu, leteni mikono. Mungu awape mavuno... awape watoto wasiowaogopa... na mvua ikinyesha usiku kucha, awape usingizi.