Kisima Msikifukie

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haina tena nguvu ya kuwafuata huko mlangoni, na wewe mkubwa weka simu mfukoni, biashara zako zitanisubiri. Msinitazame kama mgonjwa. Nitazameni kama mama yenu, nina neno.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu, na shamba la juu gawaneni bila kuvutana mashati. Lakini kisima kilicho nyuma ya banda la matangi ya samaki msikifukie. Nimewasikia, masikio yangu bado mazima: mnataka kukijaza kifusi, mjenge vyumba vya kupangisha, na samaki wangu muwatilie maji ya bomba. Mkifanya hivyo mtawaharibu samaki, na mdogo wenu mtamwondolea mahali pake duniani.

Samaki huvuta chokaa ya mifupa yake kutoka kwenye maji, kwa matamvua, yale mashavu anayopumulia, na humo mna vijilango vidogo mno ambavyo mzazi humrithisha mwana, kama baba yenu alivyowarithisha hizo pua. Hawa wangu niliwatoa kwenye dimbwi la machimbo ya chokaa, enzi nikifundisha chuoni. Niliwagawa ndugu wa tumbo moja, hawa maji ya kisima chetu, yenye chokaa tele, hawa maji ya mvua, yasiyo nayo. Wa mvua wakapinda migongo. Wenzangu wakasema tupa hao, ni vilema. Nikakataa, ubishi wangu mnaujua. Watoto wa wale waliopinda nikawalea kwenye maji ya kisima, wakanyooka kama rula! Nilicheka peke yangu bandani hadi baba yenu akaja mbio, msumeno mkononi, akidhani nimerukwa na akili.

Kumbe wazee wao, kizazi baada ya kizazi, waliishi kwenye chokaa tele, kijilango kimoja kikaharibika na hakuna aliyedhurika, maana vilivyobaki vilitosha. Wakarithishana hivyo hivyo. Hakuna aliyewaona wana kasoro mpaka nilipowahamisha mimi.

Sasa mdogo wenu. Aliporudi kutoka mjini, amekonda, hali wala halali, mlisema ameshindwa maisha. Mlisema mezani, mbele yake, kijiko kikiwa mkononi mwake. Iliniuma, wanangu, inaniuma hata sasa. Nilimpeleka bandani nikampa wavu na ndoo, sikumuuliza kitu. Leo anaimba akisafisha matangi, anawajua samaki wale mmoja mmoja, na wanachuo wakija kuwasoma yeye ndiye huwapokea. Mtoto ni yule yule, pua ile ile. Sisemi mtu ni samaki, nimefundisha muda mrefu mno kusema upuuzi huo. Nasema huyu anafaa hapa, nyinyi mnafaa kule, na wote nimewazaa mimi.

Basi banda na kisima ni vyake. Pampu ya hewa isizimwe. Lile tangi la dirishani ni la wale waliopinda, walisheni kama wengine, msiwatoe... Ngojeni, nipumue kwanza.

Na wewe binti yangu, muuguzi wangu, acha kunipima mapigo, shika mkono tu. Hivyo. Na wewe mdogo, usijifiche nyuma ya dada yako, njoo nikuone uso.

Mungu awaweke pamoja. Mzeeke mifupa yenu ikiwa imara, mle mkishiba, mcheke nyumba itikisike, na watoto wenu wawe na huruma ya baba yenu... hata zile pua, basi, wapewe tu.

Mbona giza? Pazia liko wazi? Haya.

Koo limekauka. Nipeni maji... Si hayo ya chupa. Ya kisima. La, mdogo wenu abaki hapa. Mkubwa, nenda wewe, mlikichimba wewe na baba yako, ulirudi na udongo hadi kwenye kope, ukaringa wiki nzima. Ndoo iko pale pale. Kachote, mwanangu.

Nitakungoja.