Niliombea Kocha Afukuzwe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Itikieni wote, na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, maana ushuhuda huu unawahusu.

Wengi mnanijua. Mimi ni Baba Elia, fundi cherehani wa pale Maili Moja, na bendera zote za timu yetu ya Kibaha nimezishona mimi. Wazazi wangu ni Wasukuma, walishuka na ng'ombe wao wakatua Dutumi, na huko ndiko nilikokulia. Mpira naupenda tangu utoto. Mwanangu Elia alipochukuliwa na timu yetu kuwa beki wa kati, nilitembea kifua mbele mtaa mzima.

Kisha akaja Kocha Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe. Ndugu zangu, nilipata tabu. Huyu bwana alikuwa anapaki basi hata tukicheza na timu ya mkiani. Watu kumi nyuma ya mpira! Dakika tisini tunaona pasi za kurudi kwa kipa, kipa anaubutua, unarudi, tunaokoa, tunarudishiana tena. Bila kwa bila. Jumamosi inayofuata, bila kwa bila. Nilikuwa natoka uwanjani kichwa kinaniuma, nafika nyumbani mke wangu akiniuliza chumvi iko wapi namjibu kama nagombana na mwamuzi.

Nilishona bango la kitambaa cheupe, herufi nyekundu, KOCHA ONDOKA. Nikalipiga pindo mara mbili ili lisichanike. Nilikuwa nimekamatwa, ndugu zangu, na sikujua kama nimekamatwa.

Siku moja Elia aliupata mpira katikati ya uwanja, mbele yake peupe, hakuna mtu. Akageuka, akaurudisha kwa kipa. Nilisimama nikapiga kelele uwanja mzima ukasikia, "Huyo si mwanangu! Huyo ni tofali!" Watu wakacheka. Elia akanitazama mara moja tu, akaendelea kucheza. Wiki ile ile alihama nyumbani akapanga chumba Zegereni, karibu na kiwanda anachofanyia kazi. Miezi saba sikusikia shikamoo ya mwanangu. Simu hapokei. Nikipita kiwandani anatokea mlango mwingine. Mama yangu mzazi, bibi yake aliyemlea, alikuwa akiniuliza kila nikienda Dutumi, "Mjukuu wangu umemfanya nini?" Namjibu kwamba ni huyo kocha, ndiye aliyemharibu.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na leo ninatubu mbele yenu. Mnakumbuka ile karatasi ya maombi ya siku ya Ijumaa, isiyo na jina? "Kuna mtu amekaa mlangoni anazuia watu kusonga mbele. Mungu amwondoe kwenye nafasi yake." Mama Mchungaji aliisoma kwa machozi. Mkaomba, ndugu zangu, mkakemea, wengine mkakanyaga sakafu mpaka vumbi likatimka. Karatasi ile niliiandika mimi. Mtu huyo alikuwa Kocha Kibwana. Nilifunga siku tatu, na siku ya nne tukatoka bila kwa bila.

Kocha hakuondoka. Aliyeondoka ni mama yangu. Aliugua siku mbili akalala.

Msiba ulikuwa Dutumi. Mchungaji wetu alimaliza sala ndani, tukainua jeneza tutoke kwenda kaburini. Tukafika mlangoni, tukakuta mtu amejilaza kizingitini, ametandaza kanga ya marehemu chini yake, mikono kifuani. Alikuwa Kocha Kibwana.

Wageni wakashtuka, sisi wenyeji tukaelewa. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani akija msibani kwako ana ruhusa. Akizuia jeneza, limezuiwa mpaka apewe anachotaka, na ukikasirika aibu ni yako.

Akasema, "Msukuma, wewe si umeshona bango niondoke kwa kuwa kazi yangu kuzuia? Haya, leo nazuia. Bibi hapiti hapa."

Akapiga mluzi. Vijana wanne wa timu wakaja wakasimama nyuma yake, wamebana mlango wote, ukuta kabisa, kama tunapopigiwa faulo. Wa pili kutoka kushoto alikuwa Elia. Macho yamemvimba.

Shemeji yangu akatoa noti, ndiyo kawaida. Kocha akaisukuma. "Hela kaeni nazo. Nataka huyu mzee amwite beki wangu kwa jina lake. Ana jina huyu, alipewa humu ndani. Akimwita, nafungua."

Watu walikuwa wanacheka, ndugu zangu, msibani kabisa, kina mama wamefunika midomo kwa kanga. Mimi nilikuwa na pembe ya jeneza begani na mama yangu ndani yake, na mbele yangu mwanangu niliyemwita tofali. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kitu kilikatika ndani yangu, nikaanza kulia kwa sauti, mzee mzima.

Nikasema, "Elia. Elia mwanangu. Nilikukosea mbele ya watu, nisamehe mbele ya watu. Njoo tumbebe bibi yako."

Akamruka kocha wake pale chini, akaja akaingiza bega chini ya jeneza, mkabala na mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kocha akainuka, akakung'uta kanga, akatupisha. Hapo ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu.

Baada ya mazishi alinieleza. Washambuliaji wake wawili wanafanya kazi kiwandani, siku za mechi wanafika uwanjani moja kwa moja kutoka zamu, miguu imekwisha. "Nikifungua timu, tunapigwa sita," alisema. "Elia ndiye anayeniokoa kila wiki." Na mimi nilikuwa nimekaa jukwaani sijui chochote, nimebeba bango.

Sitawadanganya. Bila kwa bila bado siipendi, na Jumamosi iliyopita nilipiga miayo mpaka taya likauma. Lakini nilikaa mpaka kipyenga cha mwisho, na Elia aliporudisha mpira kwa kipa nilipiga makofi. Lile bango nimelikata, limekuwa mapazia ya chumba chake. Amerudi nyumbani.

Kama kuna mtu umemkasirikia mwanao au baba yako, mkabidhi kwa Mungu. Usimpangie nani aondoke. Mimi nilimwomba amtoe mtu mlangoni, akamlaza mlangoni kwangu, na nisingempata mwanangu kwa njia nyingine.

Kocha Kibwana ni Mwislamu, lakini nilimwomba aje anisikie nikitubu, akasema mtani hanyimwi. Ndiye yule pale nyuma, yeye na Elia. Viti vya mbele vilikuwa vitupu, nikawakaribisha, wakakataa. Wamekaa mlangoni.

Jumamosi tunacheza ugenini, Kisarawe. Tutazuia dakika zote tisini. Njooni tukae pamoja, na Bwana asifiwe tena!